Pua ya Hailaksi

Dukani kwa Mshana, Barabara ya Saba,
koni ile imetundikwa msumarini peke yake,
nyekundu, kama jogoo anayejua ataulizwa bei.
Bomba lake la alumini linanionyesha uso wangu
umerefuka, meno yote nje.
"Hii," anasema Mshana, "gari linavuta hewa mpaka unasikia.
Ukikanyaga mafuta Nkuhungu, Chamwino wanageuka."

Mwanangu Nyemo ana miaka kumi na tisa
na tayari amegeuka.
Ameishika koni kama anayepima kichwa cha mtoto.
"Baba, lile boksi letu limechoka.
Injini inapumua kupitia blanketi."

Laki tatu na themanini.
Nikasema nitarudi.
Kila mwenye duka Dodoma anaijua maana ya nitarudi.

*

Sechelela hana msumari wa kutundikia kitu.
Gereji yake Kizota ni kontena, mwarobaini mmoja,
na ubao wa kulalia chini ya magari.
Alifungua boksi bila kuniuliza habari za safari,
akatoa chujio, akalibamiza kwenye tairi mara mbili,
na Hombolo yote ikamwagika.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulipenda.
Aliingiza kidole ndani ya bomba, upande wa pili wa chujio,
upande ambao vumbi halina kibali,
akakitoa kimevaa unga mwembamba, mwekundu.
Akanipaka kiganjani.
"Sugua."
Nikasugua. Lilikuwa na meno.
"Meno hayo ndiyo yanatafuna ringi zako.
Ule moshi wa asubuhi si uzee wa gari.
Mpira huu umepasuka. Hapa. Ona, wembe unapita."

Nikamtajia koni.
Akacheka kwa pua.
"Kizuri chajiuza, mzee Chilewa. Hicho kinapiga kelele.
Kuvuta kinavuta, sikatai. Ila hakichagui.
Kitakaa wazi pale ubavuni mwa injini, kinywe joto,
kinywe na chochote utakachokipitia.
Wewe unabeba zabibu. Agosti. Nyuma ya malori ya kokoto.
Huhitaji gari linalojua kuvuta.
Unahitaji gari linalojua kukataa."

*

Mama alifunika mtungi kwa sahani,
na sahani kwa kitambaa,
na bado tulikunywa nchi.
Vumbi la kwetu hatulishindi. Tunalipunguza.

*

Basi mpira mpya, na chujio la karatasi,
na bomba jeusi la kupanda mpaka juu ya paa.
Kichwani, bakuli angavu lililotoka kwenye trekta bovu la Kongwa:
hewa inaingia ikizunguka, vumbi linatupwa pembeni,
linakaa humo, unaliona.
Laki na ishirini, na debe moja la zabibu.
Nyemo akalizunguka gari kimya, kisha akasema,
"Sasa tunaendesha jiko."

Safari ya kwanza hakuniongelesha.
Tulipofika Hombolo akapanda mwenyewe juu ya boneti,
akafungua bakuli, akalimimina kwenye kiganja,
kikajaa, likamwagikia viatuni.
"Hili lote?"
"Hilo ni la kuja tu."

*

Moshi wa asubuhi umepungua. Haujaisha;
Sechelela anasema kilicholiwa kimeliwa.

Wiki iliyopita nilipita Barabara ya Saba.
Msumari mtupu. Sikuuliza.
Lakini juzi usiku, kwenye lami ya Ihumwa,
tukasikia gari likivuta pumzi ndefu, nene, tamu,
mpaka vijiko vikatikisika mezani, au nilidhani.
Nyemo aliacha kutafuna.
Nami, niseme kweli, niliacha.