Kituo Kiitwacho Kabula

Kipimamvua cha Malya kiliibwa mwaka juzi.
Nasikia kopo lake sasa linapimia dagaa
kule Kirumba, na kwamba linapima kwa haki.
Tangu hapo, kati ya Magu na Maswa,
bonde la Simiyu lina tundu kwenye ramani yangu,
na kompyuta, isiyojua kunyamaza,
huandika hasi mia tisa tisini na tisa
mahali pa neno "sijui".

Kazi yangu ni kukadiria.
Naazima mvua ya Ngudu, naazima ya Bariadi,
naikata kila moja kwa umbali wake.
Naiuliza setilaiti, nayo kutoka huko juu
huona migongo ya mawingu tu:
kuhesabu waliokula
kwa kutazama moshi wa jikoni.

Machi, tarehe kumi na saba, ikasema milimita nne.
Mto haukusema nne.
Mto ulipanda daraja, ukachukua mbuzi
na mlango wa choo cha zahanati,
ukaingia ziwani na rangi ya chai ya maziwa.
Modeli yangu ilibaki kavu, ikinikodolea macho.

Oktoba nikaenda.
Mwalimu Masalu akafungua kabati la daftari la mvua:
mchwa wamekula Februari yote,
Machi imebaki kingo.
"Samahani," akasema, kana kwamba alikula yeye.

Ni Nesi Holo, wa ng'ambo ya barabara,
aliyeleta rejista ya wazazi bila kuombwa.
Tarehe kumi na saba, watoto watatu,
majina yameongezwa baadaye kwa penseli:
Kabula. Mabula. Kabula tena.
*Mbula*, kwa mama zao, ni mvua.
Huyu wa mwisho, akasema, mama yake alivushwa korongo
juu ya kitanda cha kamba,
maji yakiwafika wabebaji kifuani,
"na Shigela, yule wa mbele, si mfupi."

Nikaenda kumpima Shigela. Akacheka, akasimama wima.
Nikapima korongo kwa hatua,
nikapiga hesabu juu ya goti:
sitini. Labda sabini.

Usiku huu, Nyegezi, nimefuta zile tisa zote.
Nimeandika sitini na sita,
na kwenye safu ya jina la kituo, *Kabula*.
Bosi atauliza kituo hicho kiko katika hali gani.
Nitamjibu kimeota meno mawili,
na kimeanza kutambaa.