Mama Anasema Ini

Daktari ana fomu ya maswali tisa.
Majibu ni manne: hapana, siku kadhaa,
zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku.
Mkalimani yuko kwenye simu, sauti ya kijana
anayekula kitu; namsikia akitafuna.
"Katika wiki mbili zilizopita, umekuwa na huzuni?"
Mama anatazama viatu vyake vya theluji
vinavyochuruzika maji kwenye zulia la watu.
Anasema: Ini langu limekuwa gumu.
Kijana anameza. Anatafsiri: Ini linamuuma.
Na daktari, mtu mwema, anaandika: damu ipimwe.

Ningeweza kusema.
Kwetu Wahmong moyo una kazi yake ya kusukuma damu;
mapenzi, kinyongo, subira, vyote hulala kwenye ini,
na anayekuumiza kweli kweli amekukata maini.
Sikusema. Nilikuwa naangalia saa,
gari nimeliegesha kwa sarafu za nusu saa.

Kwa desturi mimi si wa kumtunza.
Niliolewa, nikawa wa mizimu ya ukoo mwingine.
Mama ni wa Nhia, kitindamimba,
na Nhia yuko zamu ya usiku, anafungasha bata mzinga,
na mkewe Pakou ana watoto watatu na mtihani wa uuguzi.
Tulikaa kikao. Nyumba ya wazee ilitajwa mara moja,
na Mjomba Chong Neng akaweka kijiko chini
kana kwamba mtu ametukana maiti.
Hakuna aliyeitaja tena.
Hakuna, vilevile, aliyetaja
nani atabaki naye Jumanne.

Jumanne hubaki na televisheni.
Mwanamke anauza pete, Mama haelewi neno.
Anasema ana mikono mizuri, yule,
lakini haijawahi kushika kitu.

Tulikuwa na bustani nje ya Saint Paul, kando ya reli:
pilipili, mchaichai, haradali,
matango mapana kama mapaja ya mtoto.
Kisha barafu, ngazi ya nyuma, nyonga.
Nhia akairudisha bustani kwa wenyewe,
na lile jembe fupi, mpini alioupasua Baba,
akalifungia gerejini nyuma ya matairi.
"Pumzika, Mama. Umefanya kazi ya kutosha."
Sote tuliitikia: pumzika.
Neno hilo hilo tulimwambia Baba akiwa jenezani.

Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Mama ana miaka arobaini na mmoja katika nchi hii.
Jembe alishalipata, akalima, akawa mwenyeji.
Sisi watoto wake ndio tuliomnyang'anya
tukamrudisha ugenini.

Majibu ya damu yalikuja: ini zima kabisa.
Mama akauliza kama wameangalia vizuri.
Mjomba akaja na jogoo, yai, na mchele,
akasimama mlangoni kuiita roho yake irudi nyumbani,
mlango wazi, nje baridi ya kukata masikio,
na Pakou akipiga hesabu ya bili ya gesi kimoyomoyo.
Tukamfunga nyuzi nyeupe mikononi.
Vidonge vya daktari navyo vipo, kabatini, kando ya chumvi.
Simdharau yeyote. Sijui kilichosaidia ni kipi,
au kama kuna kilichosaidia.

Jumanne hii niliomba ruhusa kazini.
Nikatoa matairi, nikatoa jembe.
Machi, ardhi bado chuma;
nikanunua udongo wa gunia, nikatandika magazeti jikoni,
nikapanga makopo ya mtindi sakafuni.
Mama akashuka polepole, goti moja, kisha la pili.
Akapitisha kidole kwenye kutu.
Akachota udongo, akaunusa, akakunja uso.
"Huu umekufa," akasema. "Nani kakuuzia?
Na wewe, ukubwa wote huo, hujui kunusa?"

Alinigombeza mpaka saa saba mchana.