Siku Tisa

Leo Jumanne sahihi ni ya mama.
Alhamisi ya wiki ijayo, Bachana akitimiza kumi na minane,
sahihi ni yake.
Dawa imeshafika katika sanduku la barafu
na mwenye kuitundika ni mimi.

Kutaisi imefunikwa ukungu tangu alfajiri.
Kutoka ghorofa ya nne mto Rioni hauonekani, unasikika tu.
Nanuli kaleta jozi alizozitunga uzini
na kuzichovya katika uji wa zabibu,
kazining'iniza kwenye nguzo ya dripu
kana kwamba zitashuka na mpira hadi mshipani.
"Usimwambie ni dawa ya ngapi," ananinong'oneza koridoni.
"Mwambie ni vitamini."

Vitamini! Kijana anayehesabu chembe zake nyeupe
kama wenzake wanavyohesabu mabao.
Jana usiku aliniuliza:
"Dada Makvala, hii ya nne ikishindwa, kuna ya tano?"
Nikaurekebisha mto wake. Mto ulikuwa sawa.
"Basi hata hii siitaki. Nataka theluji ya milimani,
nataka kutapika kwa pombe ya babu, kama watu.
Ila mama asijue."

Sasa nina siri mbili zisizosalimiana,
moja kila mfuko wa koti.

Daktari Eteri anasema uvimbe haungoji keki.
Ni kweli, na hilo ndilo linaloniudhi.
Tena kijana yuleyule, saa tisa usiku,
alilala kaibana shali ya mama yake kidevuni.
Nimsikilize yupi?

Mwaka jana walimuuliza, mama akiwa kando,
kama angependa kuhifadhi mbegu zake kabla ya dawa.
Akatazama sakafu. Akasema hapana.
Hakuna aliyerudi kumuuliza akiwa peke yake.
Nami nilikuwa zamu.

Naingia na mfuko. Siutundiki.
Nauweka kitini, katikati yao wawili, mzito, wa manjano.
"Huu ni wa nne," nasema, "wala si vitamini.
Naomba mzungumze. Mimi nanawa mikono."

Kanuni inasema sekunde arobaini.
Nanawa hadi vidole vinakunjana,
mgongo nimewapa, maji nimeyafungua yote,
nisisikie nani ataanza.
Nasikia kiti kikivutwa.
Nanawa tena.