Hodi ya Asidi

Saa mbili kasorobo, Sheffield, barafu imeshika barabara,
tramu inapanda kilima ikikoroma,
nami niko chumba cha nyuma ya maabara
kisicho na dirisha wala jina mlangoni.
Darasa la kumi wanataka lita moja, molari moja,
kabla kengele haijalia.

Miwani. Glavu. Koti la Bwana Garside aliyestaafu;
mifukoni bado mna makombo ya biskuti zake.
Ujana wake aliumalizia kiwanda cha chuma,
akiogesha vyuma katika mabirika ya asidi.
"Haina hasira," aliniambia siku ya kuniaga,
"ina haraka tu."

Basi, maji kwanza.
Nusu lita, yaliyokenekwa, ndani ya bikari,
bikari ndani ya beseni la maji baridi.
Halafu ile chupa ya kahawia.
Salfuriki nzito, inateremka kama asali
ambayo mtu haionji mara mbili.
Hamsini na tano nukta sita, si zaidi:
kidogo, kufuata ufito wa kioo,
nakoroga, nasubiri,
kidogo tena.
Bikari inapanda homa;
naigusa kwa mgongo wa kiganja
kama paji la uso la mtoto.

Mwalimu Nyamizi, kule Singida,
alikuwa na madoa matatu meupe kwenye kifundo cha mkono.
Hakuyaficha. Aliyainua juu, kielelezo namba moja,
akatughania:

     Maji ndiyo mwenye nyumba, asidi ndiye mgeni;
     hata ajione simba, hodi yake mlangoni.

Tulicheka. Asidi yenyewe tuliiona ubaoni, kwa chaki.
Nami nikaja kuufundisha ubeti huo miaka tisa, Nzega,
madarasa ya watoto themanini.
Hapa vyeti vyangu vimelala bahashani:
kazi yangu ni kuandaa, si kueleza.

Mlango ukafunguka. Bi Hattersley, mgeni wa muhula huu,
mwalimu wa baiolojia anayeziba pengo la mwingine.
"Bado tu?" Akashika jagi la maji,
akailekea silinda yenye asidi iliyobaki.
"Si tungemimina haya humo humo, yaishe?"

Kiingereza changu hakina mbio.
Mkono ulitangulia, ukafunika mdomo wa silinda.
Tukatazamana.
Nikatafuta neno lao la hodi; sikulipata.
Nikagonga meza mara tatu,
nikaonyesha asidi: huyu.
Nikaonyesha maji: huyu yumo ndani.
Akaliweka jagi chini polepole,
mashavu yamemwiva.

Ikapoa. Nikahamishia chupa yenye shingo ndefu,
nikajaza hadi alama, jicho sawa na mstari,
tone la mwisho kwa pipeti.
Lebo: jina, ukolezi, tarehe.
Nafasi ya jina la mwandaaji haipo kwenye lebo zao.
Niliandika herufi mbili pembeni, kwa penseli.

Saa nne, ukutani, sauti yake ikieleza,
ikajikwaa, ikanyamaza.
Kisha ngo, ngo, ngo, juu ya meza.

Mimi nilikuwa nasuuza bikari.
Bomba la hapa halikohoi.