Upande wa Mbele

Zilifika Jumanne, kwa lori la mkaa kutoka Mpwapwa,
katoni nne za mafuta ya alizeti
na sanduku la bati lisilo na ufunguo.
Tulilipiga nyundo. Panya watatu wakatoka mbio,
wasomaji wa kwanza.

Kuziorodhesha ni kazi yangu.
Chumba cha chini, Dodoma, madirisha tumeyaziba kwa magazeti
kwa sababu ya upepo wa Agosti;
vumbi halina kitambulisho, linaingia tu.
Kanuni ziko ukutani: hakuna chai, hakuna wino,
penseli pekee, na mikono iwe mikavu.

Elieza Chidumizi. Shuleni tulimkariri.
Nilichapwa fimbo mbili kwa kusahau
jina la mbuzi katika sura yake ya tisa.
Leo nahesabu risiti zake za viatu.
Barua kwa mchapishaji, thelathini na moja, zote za kuomba hela.
Barua kwa mkuu wa stesheni ya Gulwe
akimdai kuku aliyepotelea kwenye behewa:
"jogoo, mwekundu, ana kiburi, utamtambua."
Hapo nilimpenda kidogo.
Kitabuni hakuwahi kunichekesha.

Kisha miswada. Sura ya tisa yenyewe, ile ya mbuzi,
mwandiko wa penseli umelala kama mtama uliopigwa na mvua.
Nikaigeuza karatasi.

Nyuma kuna mistari ya daftari la hesabu
na mkono mwingine, uliosimama wima:

*Karanga, debe mbili, nimeuza.*
*Unga wa Yanga kilo nne, foleni tangu alfajiri.*
*Karo ya Nyemo, bado.*
*Chumvi, bado.*
*Karatasi za baba Nyemo, dukani hakuna. Achukue hizi.*

Achukue hizi.

Nikageuza nyingine, na nyingine,
mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nalala humu.
Katika sura ya kumi na mbili kuna harusi,
ng'ombe wawili, ukurasa mzima mafuta yanachuruzika;
mwalimu wetu alikuwa akiisoma huku akimeza mate.
Geuza: *mlenda.* Jumatano, *mlenda.*
Alhamisi, *mlenda, watoto wamelala mapema.*

Fomu yangu ina visanduku viwili:
upande wa mbele, upande wa nyuma.
Nikapanda ngazi kumuuliza Bwana Chisongela.
"Mbele," akasema, bila kuinua macho,
"ni kule alikoandika mwandishi."
Nikamuuliza, mwandishi yupi?
Akatazama saa. Ilikuwa saa nne, saa ya chai.

Basi nimeiuliza karatasi.
Wino wa Damari ulitangulia: umepenya hadi ng'ambo,
na maneno ya Elieza yanakwepa madoa yake
kama mtu avukaye korongo kwa kurukia mawe.
Kuna mahali alitaka kuandika "usiku ule",
doa likamzuia, akaandika "usiku".
Kwa hilo neno moja lililopungua
wamesifu ukimya wake, wameupa tuzo.

Sijui kama alizisoma zile hesabu.
Sijui. Katika barua zote mia mbili na sita
Damari yumo mara moja tu, chini, baada ya sahihi:
"mama Nyemo anakusalimu, anauliza bei ya karanga huko."

Mwezi ujao anakuja profesa na glavu zake nyeupe.
Atafungua folda namba kumi na saba
atakuta nimejaza hivi:
*Mbele: mahesabu ya nyumba, mkono wa Damari Chidumizi.*
*Nyuma: riwaya.*

Nimeandika kwa penseli, kama kanuni inavyotaka.
Anayetaka kufuta, afute.
Kifutio kiko juu ya meza,
na vumbi lake atalipangusa yeye.