Risasi Ishirini

Ingegerd hakuniuliza nimeleta nini.
Alilichomoa komeo, akalipangusa mafuta kwa kitambaa,
akalisogeza dirishani, kwenye mwanga haba wa Novemba,
akakaa kimya muda wa kikombe kizima cha kahawa.

Kisha: "Nani alitia shaba hapa?"

Nikainama. Kwenye shina la jino la kushoto
mstari wa njano, mwembamba kama uzi wa kifungo,
ulizunguka pale chuma kilipowahi kuachana na chuma.
Juu yake rangi nyeusi, imepakwa kwa mkono wa subira
ili asiyejua asijue.

Akachukua tupa. Kwenye jino la kulia iliteleza,
ikalia kama kiatu cha chuma juu ya barafu.
Kwenye la kushoto iling'ata.
"Moto wa kulehemu umelilainisha," alisema.
"Hiki si chuma tena, ni jibini.
Siku yoyote lingekatika, komeo lingeruka nyuma,
na nyuma ya komeo,"
akaligusa shavu langu kwa kidole chenye grisi,
"ni hapa."

Wahenga walituonya habari za nyufa,
kwamba asiyeziba atajenga ukuta.
Babu Evald aliziba.
Hakuna aliyetuonya habari za nyufa zilizokwisha kuzibwa.

Hammerdal nzima walimwita Msinziaji.
Misimu kumi na moja ya uwindaji
nyayo za kulungu wa kaskazini, pana kama sahani,
zilipita thelujini hatua kumi mbele ya kigoda chake,
naye kila mara: nilisinzia.
Wenzake walimgawia nyama kwa huruma,
shingo, mbavu chache, vitu vya kuchemsha sana.
Bibi aliipokea bila kuinua macho.

Nilirudi nyumbani nikapekua sanduku lake.
Boksi la risasi, risiti ya duka imekunjwa ndani,
mwaka hamsini na nane.
Nikazimwaga mezani, nikazihesabu, nikazihesabu tena.
Ishirini. Zote ishirini.

Basi alijua.
Hakuwa na fedha za bunduki nyingine
wala mdomo wa kusema sina.
Akabeba kilo nne za chuma na mbao kila alfajiri,
chemba tupu,
akakaa kwenye baridi, macho makavu,
akaitazama nyama ikipita na ndama wake,
akachagua kuitwa msinziaji.

Nilitaka kumlilia.
Lakini Oktoba hii kaka yangu Sixten
aliishusha bunduki ukutani, akanunua risasi mpya,
akaingiza moja, akafunga komeo,
akalenga kopo la rangi juu ya kisiki,
na kilichomwita ndani ni simu ya mkewe.
Simu. Ya kuuliza viazi viko wapi.

Babu, jicho lako ulilitunza vizuri.
Karatasi moja tu chini ya bamba la kitako,
neno moja kwa penseli,
usipige,
ungeshindwa?
Aibu uliipaka rangi nyeusi
ukaitundika sebuleni, juu ya vichwa vya watoto.

Ingegerd alisema mtutu bado mzima.
Komeo jingine huenda likapatikana, likapimwa,
likafyatuliwa kwa kamba, mtu akiwa nyuma ya ukuta.
Nikamwambia hilo tutaongea mwakani.
Hili nipe msumeno.

Akalibana kwenye jiliwa, akasogea pembeni,
akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.
Nilikuwa nimejiandaa kwa kazi ya saa nzima.
Msumeno ulipita upesi,
upesi kuliko nilivyotaka.