Jina kwenye Kikopo

Kikopo kimeandikwa kwa kalamu ya bluu:
Sikujua Mfaume, Mbagala Kizuiani,
fundi cherehani. Miezi sita ya vidonge,
kikohozi hakisikii dawa.

Nachanganya, natikisa, nangoja robo saa,
nafunga katriji, nabonyeza.
Umeme usikatike. Leo tu, usikatike.

Zamani vimelea tulivipanda kama mchicha,
wiki nane, mwenyewe
akiwakoholea wanawe chumba kimoja.

Saa mbili hazijatimia.
Nje, benchini, barakoa imeshuka kidevuni,
anashona kifungo cha shati la mteja.

Kioo kinaandika: vimelea vipo.
Mstari wa chini: sugu kwa rifampisini.

Navuta pumzi, namwita.
“Abee,” anaitika, anakata uzi kwa meno,
anasimama,
na jina lake tayari halimtoshi.